Sarafu Juu ya Sindano

Jina la Fundi Sikio alipewa na wateja, naye alilivaa kwa madaha. Miaka thelathini ya kutengeneza redio ilimfanya akipita mbele ya duka lenye spika mbovu akunje uso mpaka mwenye duka amwone. Kumweleza yeye habari za mitambo ilikuwa sawa na kumtukana.

Kwa hiyo dada yake mkubwa alipomwita amuunganishie mashine ya santuri ya marehemu mumewe kwenye amplifaya ya sebuleni, alikwenda na begi dogo na maneno makubwa. Tangu mazishi, mashine ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Dada alitaka jambo moja tu: kuisikia santuri ambayo mumewe aliimba ujanani, yeye na bendi ya wafanyakazi wenzake wa posta. Picha za marehemu zilikuwepo tele. Sauti yake ilikuwa kwenye santuri hiyo moja, na nyingine haikuwepo.

Fundi aliinama nyuma ya amplifaya, waya nyekundu na nyeupe mkononi.

"Baba watoto alikuwa anachomeka..." dada alianza.

"Dada na wewe! Hii kazi ina wenyewe. Kaa hapo, ngoja usikilize."

Dada akakaa. Fundi akachomeka kwenye matundu ya juu. Wimbo ukatoka, lakini mwembamba, kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Akafungua sauti mpaka mwisho, spika zikavuma tu. Mwingine angetazama tena waya zake. Yeye aliamua kwamba sindano haikandamizi sawasawa, akafanya walivyozoea kufanya mafundi wa zamani: akatoa sarafu mbili mfukoni, akazibandika juu ya kichwa cha sindano. Mkono wa mashine ukalemewa, ukateleza. Kwaruu! Sindano ikaikata santuri toka ukingoni mpaka katikati.

"Santuri imechoka hii, dada," alisema. "Vitu vya zamani ndivyo vilivyo." Uongo ulimtoka laini, hata mwenyewe akashangaa.

"Haya, mdogo wangu. Umejitahidi." Dada akaenda kumletea chai. Afadhali angemtukana.

Alipoinama kuchomoa waya ndipo alipoliona tundu la santuri, pale chini, limetakata kwa sababu waya za shemeji yake zilikaa humo miaka yote. Kando yake palikuwa na skrubu ya waya wa ethi, ule unaozuia mvumo. Yeye alikuwa amechomeka kwenye matundu ya kaseti! Sauti ya mashine ya santuri ni dhaifu, na tundu lile la chini ndilo linaloikuza. Hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Uso ukamwaka moto. Aliaga haraka, chai ikabaki mezani, na bisibisi yake pia.

Siku mbili chakula hakikupita. Mteja akimwita Sikio, alijiona kama amevuliwa nguo sokoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu lililovunjika lilikuwa la marehemu, ambaye hakumkosea mtu.

Siku ya tatu asubuhi alirudi. "Nimefuata bisibisi," alisema mlangoni. Aliingia, akachomeka waya kule chini, akafunga ule wa ethi, akaiweka sindano bila sarafu. Shemeji akaimba. Sauti ilijaa sebule, nene, yenye kicheko kidogo mwishoni mwa kila mstari, kama alivyokuwa anaongea. Na kila santuri ilipozunguka: tak. Tak. Tak.

Dada alikuwa amefumba macho. "Na hiyo tak ni nini?"

Fundi angeweza kusema ni vumbi.

"Hiyo ni mimi, dada. Santuri haikuwa imechoka. Nilikosea tundu, nikaweka na sarafu, nikaikwaruza. Kisha nikakudanganya."

Dada aliusikiliza wimbo mpaka ukaisha.

"Juzi nilitaka kukwambia ni tundu la chini," alisema.

"Najua."

"Ukanikatiza."

"Najua, dada."

Dada alinyanyuka, akauinua mkono wa mashine kwa vidole viwili, taratibu, akaurudisha mwanzo wa wimbo bila kukosea. Fundi naye akasogea kusaidia.

"Kaa hapo," dada akamwambia. "Usiguse kitu."