Magoti Kwenye Unga

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kupiga hodi. Nyumba ilikuwa yake, mtaa mzima wa Wabera ulimjua kabla ya kunijua mimi, na jikoni aliingia saa yoyote, akafunua sufuria, akaonja, akatoka bila neno. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Meru kuolewa na mwanawe, nikasilimu, na katika ile miaka ya mwanzo ya themanini nilimshuku kwa kila kitu. Nilishuku kimya chake, tasbihi yake, hata salamu zake za asubuhi.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, njia ya Moyale. Siku moja alirudi na jiko la gesi lenye oveni, kalinunua kwa mwalimu mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimesomea upishi, na tangu niolewe sikuwa nimeoka hata andazi. Mama mkwe alilizunguka lile jiko, akainama kulitazama kwa chini.

"Hii moto haina jivu," akasema. "Sasa utajua aje kama imekufa?"

Maneno hayo niliyaweka moyoni, na sikuyaweka kwa wema.

Miezi mitatu oveni iliwaka vizuri. Kisha zikabaki siku nne watu waje kumposa wifi yangu, mdogo wa mume wangu, nami nilikuwa nimeahidi keki mbili. Nikafungua gesi, nikapeleka kiberiti kwenye bomba la chini, nikangoja. Hakuna kitu. Harufu ya gesi ilinijia kidogo, lakini moto haukuja. Juu ya jiko kote kuliwaka kama kawaida. Nikafunga, nikapunga mlango wa oveni harufu itoke, nikajaribu tena hadi nusu ya kiberiti ikaisha.

Mume wangu alikuwa anaondoka asubuhi hiyo. "Nikirudi kwa posa nikute haiwaki, nalipakia," alisema. "Kuna mtu Moyale analitaka hata likiwa bovu." Hakuwa anatania. Jiko lile ndicho kitu pekee katika nyumba hiyo kilichojua mimi ni nani, na nilikuwa na siku nne za kuliokoa.

Nilimwita fundi wa karibu na soko, aliyetengeneza redio na majiko pamoja. Akatikisa mtungi, akabadilisha washa, kile kipete cha mpira kwenye mdomo wa mtungi, akaupaka mpira wa gesi povu la sabuni kutafuta panapovuja. Akajifuta mikono.

"Gesi iko. Mpira iko sawa," akasema. "Mama, hapa kuna mtu ameguza."

Leo najua hayo ndiyo maneno ya fundi aliyeshindwa. Siku ile niliyapokea kama ushahidi wa mahakamani, kwa sababu mtu nilikuwa naye tayari. Siku zile mama mkwe alikuwa hatoki jikoni kwangu. Nikiingia, midomo yake inayocheza inatulia. Mara moja nilimkuta anainuka mbele ya oveni, mkono kiunoni. "Naangalia tu hii kitu yako," aliniambia, nami sikuuliza. Nilijiambia, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya tatu nikamtegea. Nilinyunyiza unga wa ngano sakafuni mbele ya oveni, mwembamba, usioonekana kwa macho ya mzee, nikaenda sokoni kununua mayai. Niliporudi nikakuta alama za magoti mawili na viganja viwili, zimesogea kabisa hadi mlangoni mwa oveni. Moyo wangu ulifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo.

Nikatoka uani. Alikuwa ameketi na wifi yangu wakichagua mchele.

"Hooyo," nikasema, maana hivyo ndivyo sote tulivyomwita mama, "umeweka nini ndani ya oveni yangu?"

Alitazama gauni lake, akaona weupe magotini. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa ule unga ulikuwa wa nini. Akajipangusa polepole, akaingia chumbani kwake.

Nilirudi jikoni kutafuta kitambaa, au hirizi, chochote cha kumwonyesha mwanawe. Nikafunga mtungi, nikang'oa bati la chini, nikafungua skrubu za bomba kwa kisu. Nikasukuma waya ndani. Upande wa pili kikatoka kitu cheupe, kimeshikamana kama pamba. Kilikuwa kiota cha buibui, na mayai yake ndani.

Katika nyumba ile buibui haguswi, kwa kuwa ndiye aliyetanda mlangoni mwa pango kumficha Mtume. Wao wenyewe, Waislamu wa kuzaliwa, walimwacha buibui lakini utando wa jikoni waliufagia. Mimi mgeni wa dini nilitaka kuwapita. Ile pembe ya nyuma ya jiko sikuigusa miezi mitatu, nikawa najisifu moyoni kwa hilo. Aliyeziba bomba nilimfuga mwenyewe.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hooyo amekuwa akiisomea," akasema. "Kila ukitoka anapiga magoti, anasoma dua, anapuliza hapo kwa mlango ya oveni. Ameshaambia wale watu wa posa, keki ya mke wa mwanangu hata Nairobi hakuna."

Oveni iliwaka kwa njiti ya kwanza. Nilitamani isiwake.

Jioni hiyo nilimfuata chumbani, nikapiga magoti yangu mimi. Alinishika kichwa. "Imeisha," akasema. Siku ya posa alikula keki mbele ya wageni wote, akaomba kipande cha pili, na jiko halikwenda Moyale. Nikaamini kweli yameisha, kumbe mwenye kovu usidhani kapoa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa napika chai niliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Nilidhani ni jirani. Nikaitikia karibu bila kugeuka, na hakuna aliyeingia. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe, nje ya kizingiti cha jikoni kwake mwenyewe, anangoja.

Nilimwambia hapo hapo, na nikamwambia mara nyingi baadaye, "Hooyo, hii ni nyumba yako." Alikuwa anatabasamu, anaingia, anaonja. Kesho yake anapiga hodi tena, hivyo hivyo mpaka alipofariki.