Mafiga ya Bibi Kwenye Lori

Tangazo nililiandika mara saba. Mara ya saba wino haukuvuja, nikalibandika kwenye mlango wa jumba la maendeleo: Jumamosi, familia zote, lori litafika asubuhi, matembezi ya Korogwe, kurudi jioni. Nikasimama kulitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Kijijini kwetu, Handeni, nilifundisha kisomo cha watu wazima bila mshahara. Watu waliingia jumbani walipotaka: huyu kusoma, yule kufuma, mwingine kusikiliza redio tu. Bwana maendeleo wa wilaya alikuwa ameniahidi kwamba matembezi yakienda vizuri, atapeleka jina langu kwenye mafunzo ya ualimu. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Jumamosi walipokuja nilidhani nimekosea siku. Walikuwa na mikeka, vyungu, kuku kwenye matenga. Baba mmoja alibeba kichwani mlango wa nyumba yake. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote darasani kwangu, alikuwa na kikapu chenye mawe matatu, bado yana masizi.

"Shikamoo, bibi. Mawe ya nini?"

"Marahaba. Mafiga yangu. Huko tunakohamia nitapikia juu ya kichwa chako?"

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

"Bibi, tunakwenda kutembea. Tutaona treni, jioni tunarudi."

"Kutembea kwa lori!" akasema mwenye mlango. "Wale wa ng'ambo ya mto nao walipakiwa kwenye lori, wakapelekwa kijiji cha ujamaa. Umewaona wakirudi?"

"Lakini niliandika kurudi jioni."

"Tulisoma," alisema bibi. "Tukajua umeona haya kutuambia. Wewe mtoto mpole."

Nilikimbia kulisoma tena tangazo langu, neno kwa neno, nikitafuta kosa. Sikuliona, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Kama waliamini wanahamishwa, mbona walivaa khanga mpya? Mbona walinisalimia vizuri? Niliwasihi warudishe vitu nyumbani. Hakuna aliyerudisha hata sufuria. Dereva akapiga honi, wakapanda.

Stesheni ya Korogwe nilikuwa nimeandaa hotuba ya reli, kurasa mbili. Treni ikaingia, watoto wakapiga kelele, nikasoma. Wakubwa wote waliipa treni mgongo. Walikuwa wakililinda lori lisiondoke na vyombo vyao. Bibi hakushuka kabisa. Niliacha hotuba katikati, nikapanda kukaa naye.

"Hiyo inapeleka watu wapi?" akauliza.

"Tanga, bibi. Na Dar es Salaam."

"Na wanaopanda wanajua?"

"Wamekata tiketi, bibi."

Akaitazama treni mpaka ikaondoka.

Njiani kurudi wakubwa walichungulia kila kona. Hata mimi nilianza kuhesabu njia panda, nikiogopa dereva asije akakata kona nisiyoijua. Paa la bibi lilipoonekana, mtu alipiga kigelegele, kisha wengine wote.

Nilimbebea mafiga mpaka jikoni. Nikayapanga, nikarudi nyuma kuangalia kama yamekaa sawa, nikayapanga tena. Bibi akalisukuma moja kwa mguu.

"Hili linakaa huku. Sasa niambie kweli, mjukuu wangu. Lori lenyewe linakuja lini?"

"Sijui, bibi."

"Likija, tangazo utaandika wewe?"

Sikuwahi kujiuliza.

Kesho yake niliandika ripoti ya bwana maendeleo. Alitaka kujua kama wananchi walifurahi. Nikaandika "Walifurahi sana", nikachana karatasi. Nikaandika kwamba walibeba milango na mafiga. Nikaona jina langu halitafika popote, nikachana hiyo pia. Karatasi zilipobaki mbili, nikaandika: "Wote walirudi nyumbani." Ilikuwa kweli, na mwandiko ulikuwa mzuri. Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili.