Zamu ya Karani Kuinama

Shangazi yangu ni fundi wa makochi, na watu wengi wanaomletea mbwa wao hudhani ana dawa. Hana dawa. Ana misumari mdomoni. Kuvalisha kochi kitambaa kunataka mikono miwili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa nyundo, kwa hiyo ile misumari midogo huishika kwa midomo, kumi au kumi na tano kwa mkupuo, na akiwa nayo hasemi. Mbwa mwenye hofu akiingia kwenye karakana hiyo anakuta mama mnene aliyekaa chini, asiyemkazia macho, asiyemwita kwa sauti ya kitoto, asiyemnyooshea mkono. Baada ya robo saa mbwa anajilaza kwenye mabaki ya sponji na mwenye mbwa anabaki mdomo wazi. Mimi niliyeishi naye nyumba moja miaka kumi na moja huwaambia kwamba siku Shangazi akipata kikopo cha kuwekea misumari, kipaji kitakwisha.

Natia chumvi, ila si nyingi. Shangazi anamsoma mbwa kama mimi ninavyosoma daftari la mwanafunzi: hahangaiki na jibu, anatafuta mstari ambapo kosa lilianzia. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka arobaini na mbili, na mbwa sijawahi kuwapenda. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikuwa upande wa Pamba tangu mwanzo.

Pamba aliletwa Jumatatu alasiri na mzee mmoja mstaafu wa mahakamani ambaye mtaa mzima unamwita Karani. Alikuwa jibwa jeusi tititi. Jina lile alipewa na mke wa Karani, mwanamke aliyependa utani, ambaye sasa alikuwa na miezi minane tangu afariki. Karani mwenyewe alikuwa nadhifu kupita kiasi: shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka mkunjo umesimama, na chini yake kandambili za bafuni. Nilidhani ni uzee tu. Shangazi naye aliziona, lakini alikuwa na misumari.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Pamba alikuwa amemrukia mama wa usafi wa jengo wanaloishi, akamchana sketi. Hakumjeruhi, ila kabla ya hapo alishamkimbiza muuza gesi, na mtoto mmoja wa ghorofa ya pili asiye na kosa lolote. Wapangaji walikaa kikao wakakata shauri kwamba wanampa wiki tatu. Jumamosi ya mwisho Pamba avuke uani kutoka kwenye ngazi hadi getini, watu wakiendelea na shughuli zao, bila kumvaa mtu. Akishindwa, Jumatatu yake daktari wa mifugo anakuja na sindano.

"Mke wangu alimlea kwa mkono wake," Karani alisema. "Wakimchoma hiyo sindano, Fundi, sijui nitakuwa narudi kwenye ile nyumba kufanya nini."

Kisha akatoa mfukoni mnyororo wenye meno kwa ndani, aliopewa na mlinzi mmoja aliyewahi kufundisha mbwa wa kampuni. Ukiuvuta, alieleza, yale meno yanabana shingo na mbwa anashika adabu. Shangazi akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja mmoja, na hapo nikajua ataongea.

"Mzee, umeona nyoka. Mimi nikakufinya shingo. Utaacha kumwogopa nyoka?"

"Nitaacha kupiga kelele," Karani alijibu baada ya kufikiri.

"Na huyu atafanya hivyohivyo. Atanyamaza, hofu itabaki palepale, na siku akiuma hatakuwa amekupa hata onyo." Akauchukua mnyororo akautupa kwenye droo ya springi mbovu. Upo humo mpaka leo.

Karani alimleta Pamba kila siku, lakini siku tatu za kwanza Shangazi hakumfundisha chochote. Alishona, akapiga misumari, akamtazama kwa pembe ya jicho. Nilichemka. Niliporudi kutoka shuleni siku ya tatu nikamwambia kwamba wiki tatu zina siku ishirini na moja, na tatu zimeshakwenda kwa kumwangalia mbwa akipiga miayo.

"Hiyo miayo si ya usingizi," alisema. "Ukipita karibu anapiga miayo, analamba pua, anageuza uso pembeni. Anakuomba umpe nafasi, tena kwa adabu. Asiposikilizwa ndipo anapayuka. Kama wewe tu."

Siku ya nne nilipita karakanani kuchukua ufunguo, nikagonga meza, mkasi ukaanguka. Nikainama kuuokota. Pamba alinijia mbio mpaka kamba yake ikakaza, meno nje, manyoya ya mgongoni yamesimama, na mimi nikajikuta juu ya kochi la mteja, na viatu vyangu, kwenye kitambaa cheupe. Karani alikuwa anahema kuliko mbwa. Shangazi hata hakuinuka.

"Shuka," aliniambia. "Nenda kule mlangoni, mbali, halafu inama tena."

"Shangazi, una wazimu?"

"Inama."

Niliinama. Pamba, mita kumi na mbili kutoka kwangu, akakakamaa wote kuanzia masikio hadi mkia. Nikasimama wima, akalegea. Nikainama, akakakamaa. Shangazi akamgeukia Karani.

"Yule mama wa usafi anafagiaje?"

"Kwa ufagio mfupi. Ameinama."

"Muuza gesi alikuwa anafanya nini?"

"Anatua mtungi."

"Na mtoto?"

"Alikuwa anafunga kamba za viatu."

Nilielewa papo hapo, na niliona aibu. Huku kwetu mtu anajua kufanya hivi kabla hajajua kusoma: ukikutana na mbwa njiani, inama kana kwamba unaokota jiwe. Jiwe lenyewe si lazima liwepo. Unainama tu, mbwa anatoka nduki, unaendelea na safari yako ukijiona mjanja. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na shahada yangu ukutani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza atafanya nini mbwa asiye na pa kukimbilia, yule aliyefungwa kamba au anayeishi ghorofani. Huyo akiona mtu anainama, anawahi kushambulia kabla jiwe halijafika.

"Nani alimfundisha hivi?" Shangazi aliuliza.

"Watu wa mtaani," Karani alisema, akitazama kandambili zake.

Basi kazi yangu ikawa kuinama. Kila siku saa kumi na moja jioni, nyuma ya karakana, Shangazi alichora mstari wa chaki pale Karani na Pamba waliposimama, akavuta futi yake ya kupimia makochi, akachora mstari wangu mita kumi na tano mbele. Mimi nainama. Pamba ananiona. Palepale, kabla hajakakamaa, Karani anampa kipande cha maini yaliyochemshwa. Mimi nasimama, na maini yanakwisha. Nilihesabu, kwa kuwa siwezi kuacha kuhesabu: mara arobaini kwa siku, na magoti yangu yakilia kila mara.

"Lakini hajafanya lolote la kustahili maini," nilimnong'oneza Shangazi siku ya kwanza.

"Hatumlipi. Tunambadilishia habari. Mtu akiinama, habari yake ilikuwa jiwe. Sasa nataka iwe maini."

Na ikawa. Siku ya tano ya zoezi nilipoinama tu, Pamba aliacha kunitazama mimi, akageuza kichwa kumtazama Karani usoni, kana kwamba anauliza chakula kiko wapi. Shangazi akapiga kofi moja kwenye paja lake, akafuta mstari wangu kwa kiatu, akachora mwingine mita kumi na tatu. Kisha kumi na moja. Kisha nane. Wakati huohuo alimzoesha kuvaa kikapu cha waya mdomoni, kile cha kuzuia mbwa asiume, kwanza akila maini ndani yake, mpaka Pamba akawa anaingiza pua mwenyewe. Nami, bila kumwambia mtu, nilianza kupitia buchani kuchagua maini laini.

Karani akaharibu. Zilikuwa zimebaki siku nane na hesabu ikamtia kiwewe. Asubuhi moja, Shangazi akiwa bado anafungua milango, alimpeleka Pamba hatua tatu tu kutoka kwa fundi seremala jirani aliyekuwa ameinamia ubao. Pamba akavuta, Karani akamvuta kwa nguvu zaidi shingoni, na mbwa akalipuka, akabweka mpaka sauti ikakauka. Jioni yake, hata kwa mita kumi na mbili, alikataa maini. Kwa mbwa yule, kukataa maini lilikuwa jambo la msiba.

Nilimfokea mzee wa watu. Nilimwambia tumepoteza wiki nzima, na kwamba kama anamtaka mbwa wake afe aseme tusipoteze muda. Alikaa kwenye fremu ya kochi lisilo na mto, akashika tama.

"Ni mimi," alisema.

"Tunajua ni wewe," nilimwambia.

"Hapana, mwalimu. Tangu mwanzo. Mke wangu alipomleta mbwa huyu, nilikuwa simtaki. Alikuwa analala mlangoni kwangu, na kila nikitoka, nainama, kama naokota kitu. Anakimbilia chini ya meza. Mke wangu akiwa sokoni nilikuwa nafanya hivyo kwa kucheka tu. Nilifanya hivyo mwaka mzima." Akajifuta uso. "Mara mbili nilirusha. Mara moja ilikuwa kiatu."

Pamba alikuwa amelala chini ya benchi la Shangazi, mbali naye.

"Tangu tubaki wawili, nikiinama ndani ya nyumba ananguruma. Kwa hiyo siinami. Kitu kikianguka nakiacha. Viatu vya kamba nimeviweka kabatini." Akainua mguu wenye kandambili. "Marehemu hakujua. Alidhani kaja na hofu hizi kutoka alikotoka. Mimi ninayetaka asife ndiye niliyemharibu."

Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, vyote kwa pamoja, na kwa hasira yangu yote, mimi mwenyewe nimeinama mbele ya mbwa wangapi? Shangazi alitema misumari yake kiganjani. Safari hii alichukua muda mrefu.

"Mbwa hajui kesi, Karani. Hasubiri umwombe msamaha. Anasubiri kuona kesho ukiinama kitatokea nini." Akainuka, akafuta mstari wa chaki, akavuta futi. "Tunarudi mita kumi na tano. Huyu mwalimu ataendelea kuinama kwa kuwa ni kazi yake. Wewe utainama mwisho, siku ukiwa tayari. Leo anza na kuweka mikono magotini tu. Ukifanya, mimi nampa maini."

Mikono magotini ndipo Karani alipofika, na hapo alikwama. Pamba alikuwa ameshamzoea hivyo, analamba midomo akisubiri kipande chake. Mzee ndiye aliyeogopa kushuka zaidi. Mimi nilishuka hadi mita mbili na nusu, naokota chaki, nafunga viatu, nasugua sakafu, mbwa hana habari. Nilianza kujisikia mtu wa maana.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa na hakika tutafaulu, na niliwaambia hivyo wapangaji waliokuwa wamejipanga kwenye vibaraza vya ghorofa zote tatu. Shangazi alikaa kwenye kigoda chake karibu na geti. Mwenyekiti wa wapangaji, nesi mmoja asiyecheka ovyo, alisimama katikati ya uani na karatasi ya kikao mkononi, na mama wa usafi, kwa makubaliano, alikuwa anafagia kama kawaida yake, ufagio mfupi, mgongo umepinda.

Karani alitokea mlangoni na Pamba kwenye kamba iliyolegea, kikapu cha waya mdomoni. Nilitazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vya kamba, vyeusi, vimeng'arishwa, na kamba zenyewe hazikufungwa, alizichomeka pembeni.

Walikuja kwa mwendo wa kawaida. Karibu na mama wa usafi Pamba alisimama, masikio mbele. Karani hakuvuta. Alizunguka kidogo upande, akampa nafasi kama alivyofundishwa, akangoja. Mama wa usafi aliendelea kufagia. Pamba alimtazama, akalamba pua, akageuza kichwa kumtazama Karani. Maini. Hatua mbili, maini. Akampita mama wa usafi na ufagio wake, akampita muuza gesi aliyekuwa anatua mtungi kwa makusudi, akafika getini mkia ukiwa umelegea.

Mwenyekiti aliandika kwenye karatasi yake. "Abaki," alisema. "Na kikapu chake mdomoni akiwa uani." Huko juu mtu mmoja alipiga makofi, Shangazi akamwonyesha kidole cha kunyamaza.

Nilidhani tumemaliza. Karani alitia mkono mfukoni, akaukuta mtupu. Maini yote yalikwishia njiani. Akautoa, akautazama, kisha akaweka mikono magotini. Niliona anakoelekea nikataka kumwambia asubiri niende buchani. Shangazi alinishika sketi.

"Taratibu," alimwambia Karani.

Akainama. Mzee wa watu alishuka hadi chini kabisa, goti moja kwenye saruji, kichwa chake kikiwa usawa na kichwa cha mbwa, na mkono ukafika ardhini, pale ambapo jiwe lingekuwa. Pamba alisimama. Alinusa ule mkono, akakuta hauna jiwe wala maini. Akapiga mwayo mmoja. Halafu akasogea, akamwegemea mzee begani kwa uzito wake wote, mpaka Karani akalazimika kushika chini asianguke.

Karani alifunga kamba za kiatu cha kushoto, polepole, kisha akahamia cha kulia.