Kazi ya Huko Juu

Mama yangu ni fundi cherehani, na miaka yote niliyorusha ndege hakuwahi kuiita kazi. Kaka yangu anauza vipuri vya pikipiki: huyo "yuko kazini." Mdogo wangu anakaa mapokezi ya hospitali akipiga miayo: naye "yuko kazini." Mimi je? "Huyo yuko huko juu." Utadhani nimepanda paa nikagoma kushuka.

Abiria nao, mh! Nasimama mlangoni na sare yangu, mistari minne begani, mtu ananikabidhi kikombe kichafu: "Dada, nitupie hiki." Zamani nilikuwa nafoka. Siku hizi nakipokea, nakitupa, halafu naenda kukaa kiti cha rubani. Mwenye kikombe anabaki na safari nzima ya kutafakari.

Mama alikuwa na msimamo wake: hapandi.

"Gari likiharibika unashuka. Hilo lenu likiharibika unashukaje?"

Nikamweleza kwamba injini ziko mbili.

"Basi zitaharibika zote mbili."

Kubishana na mama ni kutwanga maji kwenye kinu, nikaacha.

Mwaka huu, ambao ndio wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, dada yake mama akavunjika nyonga, na mafuriko yakakata barabara ya kwenda kwake. Mama akaja uwanja wa ndege amenuna, mkasi wake wa kazi mkobani. Wakaguzi wakauchukua.

"Mwanangu ndiye dereva," akawaambia.

"Mama, hata dereva haruhusiwi mkasi."

Akakaa kiti cha mbele kabisa, mkanda ameukaza kama anafunga mzigo. Nami nilikuwa na tamaa moja tu: nitue vizuri, kwa ulaini, ili kabla sijaivua hii sare nimsikie mara moja akisema kwamba hii ni kazi. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, bado nalitaka hilo neno kwa mama.

Tukakaribia kutua. Upepo ukageuka ghafla, ndege ikayumba. Ningeweza kulazimisha, ardhi ilikuwa pale pale. Lakini kwetu ndege isipotulia hutui, unapaa tena ujipange upya, hata kama mama yako yuko kiti cha mbele. Nikaongeza nguvu za injini, tukapaa. Nyuma ya mlango nikasikia mayowe. Nikajua yamekwisha: huyu hapandi tena, na lile neno sitalisikia.

Mara ya pili tukatua salama. Mama akapita mlangoni, kilemba kimekaa upande.

"Mkasi wangu uko wapi?"

Basi. Akashuka ngazi bila kugeuka. Nikanywea, nisiseme uongo.

Mhudumu wetu akanijia, anacheka huku anafuta macho. "Kapteni, umesikia ya huku nyuma? Tulipopaa tena, jamaa mmoja alipiga kelele, 'Huyu mwanamke anatuua!' Mama yako akamgeukia."

"Akamtukana?"

"Wala. Alimwambia, 'We baba, hebu nyamaza. Mwanangu yuko kazini.'"

Nikarudi kwenye kiti changu nikajifanya natafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.