Sahani ya Shimoni

Mambo yote haya yaligharimu shilingi mia tatu na ishirini: sahani nyeupe mia mbili na hamsini, pakiti ya rangi ya biriani ishirini, maji ya mawaridi hamsini. Nimehesabu mara mbili. Ile sahani mwenye duka alianzia mia nne, nikamwambia sikuja kununua kabati.

Kazi yangu ni kuandika maneno kwenye sahani na vikombe, nikawauzie wenye maduka ya Diani. Wazo lilitokana na chati kuukuu ya kemia niliyoinunua Kwale mjini kwa bei ya karatasi ya kufungia maandazi. Kila elementi ina kisanduku chake, ndani yake alama ya herufi moja au mbili, na namba juu. Ukivipanga visanduku vizuri unapata neno. Taru inapatikana. Wasini inapatikana. Kwale yenyewe, pamoja na ofisi zake zote, haipatikani. Baba yumo, ni bariamu mbili tu. Mama nilimtafuta siku mbili, hayumo. Sikushangaa sana, kwa kuwa wangu pia hayupo. Aliyenilea ni shangazi yangu, hapa Msambweni.

Shangazi aliuza nazi maisha yake yote. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili: "Ya kwanza ya mteja, ya pili yako." Alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo herufi za skuli hazijui. Lakini kwenye namba hakuna wa kumdanganya.

Mwezi ule alikuwa amelala siku tisa, homa juu ya presha. Akanituma kwa mwalimu wa chuo nikamletee kombe. Kombe kwetu ni aya, pengine pamoja na visanduku vya namba, zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji ya mawaridi, mgonjwa akayanywa. Maji ya mawaridi nilishayanunua, lakini nikamwambia, "Kesho, shangazi." Nilikuwa na oda ya nyumba moja ya wageni kule Shimoni, na mimi huandika kwanza kwa rangi ya biriani, nikikosea nioshe, ndipo nipitishe rangi ya kudumu. Kesho yake asubuhi nikachora visanduku vitano, kila kimoja na namba yake: S, H, I, Mo, Ni. Nikaiacha sahani mezani ikauke, nikatoka.

Niliporudi adhuhuri nilimkuta ameketi kitandani. Sahani ilikuwa nyeupe pe, na chupa ya mawaridi haina kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwalimu wako ana mkono mzuri, ila ni mchoyo wa zafarani."

"Umekunywa?"

"Ulitaka nioge?"

Nikaichukua ile sahani, nikaifuta. Rangi ile tunaila kila penye harusi, haina neno. Alasiri alisimama mwenyewe, akaomba wali. Nikasema alhamdulillahi, hili kosa limeleta faida.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta akisukuma kitanda kukitoa ukutani.

"Hapa pananidondokea maji," akasema.

Kilikuwa kiangazi. Nikapapasa ukuta, mkavu. Nikaupapasa tena.

"Mwanangu, mbona huwakaribishi hawa?"

"Kina nani?"

"Hawa waliokaa chini kwenye baridi. Wamebanana, maskini. Mia na arobaini."

Nikacheka, maana chumba chenyewe hakitoshi mbuzi watatu. "Umewahesabu?"

"Mara mbili."

Yeye hakucheka. Nikaenda kuitazama karatasi ya oda, nikasoma namba za vile visanduku: kumi na sita, moja, hamsini na tatu, arobaini na mbili, ishirini na nane. Nikajumlisha kutoka juu. Nikajumlisha kutoka chini. Mia na arobaini.

Huenda alizijumlisha kwa macho kabla ya kuziosha. Muuza nazi humwekei namba mbele yake akaziacha hivi hivi. Hilo nalikubali. Lakini namba hazidondoshi maji. Na lile pango la Shimoni lenye kudondoka maji, walimofungiwa watumwa wakingoja kuvushwa bahari, analijua kwa kusikia kama sisi sote. Nani aliyemwambia kwamba alichokunywa ni Shimoni?

Nilikwenda kwa mwalimu hatimaye, nikaleta kombe la kweli. Shangazi aliitazama sahani, akaisukuma. "Huu si mkono wake. Niletee la yule yule, Alhamisi. Wengine katika hawa waliokaa chini sijawaona nyuso."

Sasa anafagia uani, anaimba, mashavu yamemrudi. Lakini vidonge vya presha amevifunga kwenye pindo la leso yake ya kiunoni. Nimevihesabu alipokuwa akioga, havijapungua hata kimoja tangu siku ile. "Nimeshapona," anasema, "vya nini?" Nikimwambia ukweli, atajua nilimwacha aisomee bismillahi rangi ya biriani, na nachelea atarudi kitandani. Nikinyamaza, presha itampanda na vidonge vikiwa kiunoni. Na nikiandika sahani ya pili, niandike neno gani?

Leo asubuhi ameniambia wameongezeka, ni mia na arobaini na wawili. Nyumba hii tunaishi wawili.

Wewe unayesoma haya, kama una mzee aliyekulea, nipe shauri. Sahani ninayo, ipo mezani, na leo ni Jumanne.