Vikaratasi vya Ushuru wa Ndizi

Nakumbuka Jumapili moja nilipokuwa kijana wa miaka ishirini, mwanangu. Ilikuwa siku ya Kipaimara cha shangazi yako Eliaichi, kitinda mimba wetu. Babu yako alikuwa amepiga pasi koti lake tangu Ijumaa. Katika usharika wetu, mtoto alipopiga magoti mbele ya mchungaji, baba yake alisimama nyuma yake akimshika bega. Sisi wakubwa alikuwa ameshatusimamia wote, amebaki huyo wa mwisho, na ndiye aliyempenda kupita kiasi. Tulijua, wala hatukumwonea wivu.

Wakati huo kulikuwa na kodi ya kichwa. Siku hizi haipo, shukuru Mungu. Kila mwanamume mtu mzima aliilipa, awe na kazi asiwe nayo, na asiyelipa alikamatwa na mgambo. Mimi nilikuwa nauza ndizi soko la Sanya Juu. Kila siku ya soko nilitozwa ushuru, nikapewa kikaratasi, na vyote nilivitunza. Baba aliponiuliza kama nimelipa kodi yangu, nilimjibu kwa majigambo kwamba nimelipa, tena mara nyingi kuliko yeye.

Akanitazama. "Nenda ofisi ya kata ukaulize hiyo uliyolipa ni ipi."

Sikwenda. Nilikuwa na kiburi cha kijana aliyesoma kidogo, nikaona karani atanicheka nikiuliza jambo kama hilo.

Jumapili ile mama na Eliaichi walitangulia, na mimi na baba tulipofuata tukawakuta mgambo wamesimama kwenye njia ya kanisani. Nikavitoa vikaratasi vyangu mfukoni huku natabasamu. Mkubwa wao akavipekua, akanirudishia.

"Huu ni ushuru wa ndizi, kijana. Umelipia mzigo. Kodi yako wewe iko wapi?"

Sikuwa na fedha mfukoni. Kando ya barabara lilikuwepo lori, na wasiolipa walikuwa wanapakiwa wapelekwe wilayani. Baba aliwasihi wasubiri hadi ibada iishe, wakakataa. Hakuweza kuvumilia kuniona napanda lori lile. Akawaambia wamwachie mwanawe, yeye mwenyewe ataongozana nao hadi ofisi ya kata akanilipie. Kisha akanigeukia.

"Wewe kimbia. Mdogo wako asikose mtu wa kusimama nyuma yake."

Nilifika kanisani nikihema, nikaweka mkono begani kwa Eliaichi. Akageuka, akaniona mimi.

"Baba yuko wapi?"

"Anakuja," nikamnong'oneza, nikijua nadanganya.

Akawa anautazama mlango hadi mchungaji alipofika kwake na kumwekea mikono kichwani. Machozi yakamdondokea kwenye gauni. Baba alirudi jioni kwa miguu, wageni wameshaondoka, kwa sababu ilikuwa Jumapili na karani alichelewa kuja kufungua ofisi. Mama akampa mtori wa ndizi uliopoa. Nilipiga magoti kumwomba baba radhi.

"Ulimuuliza nani?" akasema.

"Sikumuuliza mtu, baba."

Akaendelea kula. Hakulitaja tena jambo lile mpaka tulipomzika, na mimi ningeona nafuu kama angenichapa. Picha ya siku ile, mimi nikiwa nyuma yake mahali pa baba, bado ipo sebuleni kwa Eliaichi. Nikienda kumtembelea, huchagua kiti kinachoipa picha ile mgongo.

Sasa wiki iliyopita ulikuja kutoka saluni yako ya Njoro, ukaniambia, "Baba, mambo ya kodi nimemaliza, leseni nimeitundika ukutani." Nikainuka nikatoka nje, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Niliogopa.

Mwanangu, leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Kodi ya mapato ni ya kile unachopata, nayo ina ofisi yake na tarehe zake. Hii tunayokatwa hapa nyumbani tukinunua umeme ni ya jengo. Kiwanja kilichobeba jengo, kama kina hati, kina kodi yake pembeni, na wengi hapa mjini wamekuja kuligundua hilo wakiwa wameshachelewa. Hata dawa za nywele unazonunua zina kodi ndani ya bei, unailipa bila kuiona. Usidhani kwa kulipa moja umelipa zote. Ukipewa karatasi, isome ujue ni ya nini kabla hujaikunja. Usipoelewa nenda ukaulize, hata kama karani atacheka. Mimi niliogopa kuchekwa, na aliyelia ni mdogo wangu.

Mungu aibariki mikono yako inayosuka vichwa vya watu. Akujalie siku nyingi za furaha, na mimi anijalie kusimama nyuma yako katika siku hizo, mkono wangu ukiwa begani kwako, na usiwe na sababu ya kutazama mlango.