Paka, Wavu wa Omena na Gari la Rimoti

Leo paka wa jikoni la shule amekimbia na kazi yangu ya sayansi.

Klabu yetu ina gari moja la rimoti. Bodi yake ya plastiki hupasuka kila likigonga ukuta. Mwalimu alisema atakayeiimarisha ndiye atakayeliendesha kwenye maonyesho ya Homa Bay, Jumamosi.

Mimi nilibandika wavu wa kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, kwa ndani, kwa gundi ya fundi wa viatu. Wavu nilipewa na baba mdogo, ambaye ni mvuvi.

Sikuufua.

Leo klabuni, kabla sijaeleza chochote, paka akaruka mezani, akaing'ata bodi, akatoka nayo mbio.

"Achieng, umetuletea gari ama lanchi ya paka?" Otieno akauliza. Klabu nzima ikacheka.

Nikamkimbiza paka mpaka juu ya ngazi. Hapo akaiachilia, ikaporomoka ikigonga saruji hadi chini.

Mwalimu akaiokota, akaikunja, akaikagua. Haikuwa na ufa hata mmoja. Kisha akainusa.

"Gari utaliendesha wewe," akasema. "Lakini si likiwa na harufu hii."

Tangu nifike nyumbani sijatulia. Nimeisugua kwa sabuni, kisha ndimu. Paka wa jirani ameketi mlangoni.

Tafadhali, nani anajua dawa ya harufu ya omena?